Kadi Sita Nilizozinyoosha

Siku mliyoniaga nikistaafu, Neema alisimama na chupa ya soda mkononi akasema, "Shikamoo mzee wetu. Jamani, huyu ndiye mtu pekee mkoa mzima anayegombana na programu ya kompyuta ya kupanga msimbo. Sisi inatupangia, yeye anaizima." Baraka akadakia kutoka nyuma, "Mzee wa spesi, wa kuhesabu nafasi tupu." Mkacheka wote. Nami nikacheka, nikala keki, nikapokea lile blanketi zito mlilonichangia kwa ajili ya baridi yetu, nikarudi nalo nyumbani Malangali. Liko mpaka leo juu ya kiti, bado halijakunjuliwa.

Neema aliniuliza mara nyingi kwa nini nina ugomvi na mashine inayonyoosha mistari. Mara moja nilimjibu kwamba inavunja majedwali niliyoyapanga kwa mkono. Siku nyingine nikamwambia inahamisha maelezo na kuyaweka mbali na mstari yanaoueleza. Nilimwambia pia kwamba ikishapita, ukitafuta ni nani aliandika mstari fulani, unaonyeshwa jina la aliyebonyeza kitufe cha mwisho, na mwandishi mwenyewe haonekani tena. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ina jina la mtu, na nimekaa nayo zaidi ya miaka thelathini.

Vyeo na mshahara wangu sitaviandika. Mtakapofika mwisho mtaona kwa nini.

Nilianza kazi miaka ile ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa sabuni na redio za betri, na viwanda vya umma vilipoanza kufungwa huko mbali tukivisikia kwenye taarifa ya habari. Kulikuwa na mradi wa mifugo uliofadhiliwa kutoka nje. Familia za Wasukuma zilikuwa zimeingia Ufipa na ng'ombe wao kutoka kaskazini mwa nchi, na wenyeji wenye mashamba ya mahindi na ulezi walikuwa wakiwatazama kwa jicho la pembeni. Ng'ombe akipotea, mgeni ndiye aliyeulizwa kwanza. Mradi ukaamua kila mfugaji asajili chapa yake, ile alama inayochomwa kwa chuma cha moto kwenye paja la ng'ombe, kisha apewe kadi yenye jina lake, idadi ya ng'ombe wake na mchoro wa chapa hiyo. Mnadani alitakiwa kuonyesha kadi. Kadi ikifanana na ng'ombe, anapita.

Kadi hizo zilitoka kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ilikuwa mikononi mwa Bi Skolastika Nakazwe.

Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mlangoni.

"Viatu."

"Samahani mama?"

"Hapa tunaingia na soksi. Vumbi linaua mashine." Akaitazama miguu yangu. "Huna soksi. Basi leo utajifunza kukaa bila kugusa chini."

Ilikuwa mwezi wa sita. Mnaijua sakafu ya saruji ya Sumbawanga mwezi wa sita. Nilikaa nimekunja miguu kwenye kiti kama kuku anayeatamia, naye hakutabasamu mpaka saa nne, alipotoa soksi za ziada kwenye mkoba na kunirushia. Zilikuwa za kijani, za shule ya mwanawe. Nilizivaa mwaka mzima.

Bi Skola alikuwa karani wa taipu kwa miaka mingi kabla ya kompyuta kuja. Krismasi aliwachorea wenzake maua kwa herufi ya eksi, ukurasa mzima, kwa kuhesabu tu mahali pa kugonga na mahali pa kuacha. Kwa hiyo mradi ulipotaka chapa zionekane kwenye kadi, na kompyuta ile haikujua kuhifadhi picha, yeye hakushangaa. Alizichora kwa nyota ndani ya programu yenyewe. Kila chapa ilikuwa mistari saba, na chapa ikiinama, mistari yake ilianza na nafasi tupu alizozihesabu kwa midomo, bila sauti, kama mtu anayesali rozari.

"Nafasi tupu nayo ni herufi," aliniambia. "Ukiidharau, itakuumbua."

Umeme ulikatika kila siku, kwa hiyo programu tuliiandika kwanza kwenye daftari la hesabu lenye miraba, kisha ndipo tukaipeleka kwenye mashine. Daftari lake nalikumbuka kuliko kitabu chochote nilichosoma. Mistari yake haikufuata utaratibu wa vitabu. Iliinuka na kushuka kama ntumba, vile vichuguu vya udongo tunavyolima huku kwetu vikiwa na majani yamefukiwa ndani. Kwa mbali vinaonekana ovyo. Ukikaribia unagundua kila kimoja kiko pale kwa sababu.

Nilikuwepo siku Mzee Luhende alipokuja kusajili. Alikuwa mrefu, koti la mtumba limemfika magotini, na aliacha viatu vyake vya matairi mlangoni kabla hajaambiwa. Bi Skola alimwomba aonyeshe chapa yake. Akachora sakafuni kwa ncha ya fimbo, mstari mmoja ulioegemea upande wa kulia.

"Ni fimbo," alisema. "Ya baba yangu. Inainama hivi. Iliyosimama ni ya watu wengine, mimi siitaki."

Bi Skola akachora kwenye miraba, nyota moja kila mstari, ya juu ikiwa mbali kulia na ya chini ukingoni kushoto. Mzee akainama juu ya daftari.

"Iiname zaidi, mama."

Akaongeza nafasi kila mstari.

"Zaidi kidogo."

Akaongeza tena. Mzee akanyooka, akacheka meno yote. "Hapo hapo. Baba alikuwa mtu wa kuegemea." Nasi tukacheka naye. Mimi sikujua kwamba nilikuwa nikionyeshwa kitu cha kutunza.

Kila kadi ilikaguliwa na watu wawili. Hiyo ilikuwa sheria yake, hakuiandika popote lakini ilikuwa ngumu kuliko zilizoandikwa. Mmoja alisoma daftari kwa sauti, mwingine aliitazama kadi na rula mkononi, kisha wote wawili walitia herufi za majina yao chini ya karatasi ya ukaguzi. Mimi D.K., yeye S.N. Nilipouliza kwa nini mtu mmoja mwenye macho mazuri asitoshe, alisema, "Macho yako yanaona unachotaka kuona. Ya mwenzako hayakuonei huruma."

Mwaka wangu wa pili alikuja fundi kutoka Dar es Salaam kutengeneza printa. Akaacha disketi moja yenye programu ndogo aliyoisifia sana. Unaipa msimbo wako, inaunyoosha: inaweka herufi kubwa panapostahili, inasogeza mistari ikae kwa ngazi sawa, inafagia nafasi zote za bure mwanzoni mwa mistari. Nilimwonyesha Bi Skola ikifanya kazi kwenye programu yangu mwenyewe, ile ya kuorodhesha chanjo. Alitazama akiwa amekunja mikono.

"Imepanga vizuri," alisema. "Lakini haijui inapanga nini. Ya chapa usiiguse."

"Hata kujaribu, mama?"

"Deo. Usiiguse."

Niwe mkweli kwenu. Nilikuwa namwonea haya. Nilikuwa nimesoma kozi ya miezi sita, nimeshika vitabu vyenye mistari iliyonyooka kama barabara ya lami, na programu ya chapa ya Bi Skola ilinifanya nijione mtu wa shamba. Kila nilipoifungua nilitamani asiione mtu mwingine.

Mwezi wa saba alifiwa na shangazi yake kijijini, akaenda msibani siku nne. Kadi mpya za mnada wa kiangazi, za wafugaji wote, zilikuwa hazijatoka. Na Mratibu wetu, mtu mwenye haraka aliyependa wageni, alisema wafadhili watapita wiki hiyo na watataka kuona kazi ya kompyuta. Nikaifungua programu ya chapa niongeze familia mbili mpya. Nikaitazama ile mistari yake ikiyumba kulia na kushoto, nikawafikiria wageni wakiitazama. Nikaiweka disketi ya fundi.

Ilichukua muda wa kupiga chafya. Yote ikawa imenyooka, safi, imeegemea ukingo wa kushoto kama askari kwenye gwaride. Nilifurahi. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikatoa nakala kwenye disketi ya akiba, juu ya nakala ya zamani. Hivyo ndivyo nilivyofuta ya kwake mara mbili kwa asubuhi moja.

Nikachapa kadi. Nikazikagua peke yangu, nikisoma kwa sauti na kutazama kwa macho yale yale. Majina sawa. Idadi sawa. Chapa nyingi zilikuwa herufi zinazoanzia ukingoni, hazikuguswa na kitu. Sita tu, zile zilizotegemea nafasi tupu, ndizo zilizoharibika, na hizo sita macho yangu yalizipita kama upepo unavyopita juu ya nyasi za uwanda huu. Chini ya karatasi ya ukaguzi nikaandika D.K. Nikakaa kidogo. Dereva alikuwa nje anapiga honi azipeleke. Nikaandika S.N.

Sikuiga mwandiko wake. Sikuhitaji hata kufika huko, hakuna aliyekuwa akitazama. Wageni wenyewe hawakuja.

Bi Skola aliporudi nilimwambia kazi imekwisha na kadi zimekwenda. Aliuliza, "Nani alitazama?" Nikasema dereva alinisaidia. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka laini.

Wiki ya tatu baada ya hapo Mzee Luhende alipeleka ng'ombe kumi na mmoja mnadani upande wa Namanyere. Walinzi wakaomba kadi. Kwenye kadi palikuwa na fimbo iliyosimama wima. Kwenye mapaja ya ng'ombe palikuwa na fimbo iliyoinama. Fimbo iliyosimama, kama alivyotuambia mwenyewe, ilikuwa ya watu wengine. Mtu aliyekuwa amepoteza ng'ombe mwezi uliotangulia akapaza sauti, na kundi likakusanyika. Mzee Luhende alifungwa mikono kwa kamba yake mwenyewe, mbele ya watu aliokuwa amekunywa nao uji asubuhi. Alikaa mahabusu siku nne. Ng'ombe walikaa zizini bila mtu anayewajua, na mmoja aliyekuwa na mimba akafa humo.

Alipoachiwa, alikuja moja kwa moja ofisini. Hakuvua viatu. Aliweka kadi juu ya meza ya Bi Skola, mbele ya Mratibu.

"Mama," alisema, "nilikwambia inainama."

Bi Skola aliitazama kadi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na printa, na nilijua kabla yake. Nilijua kama unavyojua umesahau kufunga mlango ukiwa umeshafika mjini.

Mratibu akaagiza karatasi ya ukaguzi. Akaisoma. "Hii hapa. D.K., S.N. Bi Skola, wewe ndiye mkubwa wa chumba hiki. Ulitazama nini?"

Yeye hakuwepo siku ile. Kila mtu angeweza kukumbuka hilo kama angetaka, tulimchangia rambirambi. Aliishika karatasi, akaiangalia ile S.N. niliyoiandika kwa kalamu yangu, kisha akainua macho akanitazama. Hakunikazia. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kamba za viatu ili waondoke pamoja.

Nikatazama soksi zangu.

"Kazi ya chumba hiki ni yangu," alisema mwishowe. "Likitoka kosa humu, limetoka kwangu. Mzee, nisamehe."

"Umenyoosha fimbo ya baba yangu, mama," alisema Mzee Luhende. "Mimi wameninyoosha mbele ya watu." Akatoka.

Asubuhi iliyofuata Bi Skola alikaa na daftari lake la miraba akazirudisha chapa zote sita, akihesabu kwa midomo. Alimaliza kabla ya saa nne. Kuzirekebisha kuliwezekana kwa asubuhi moja. Na mimi ningeweza kusema kwa sentensi moja. Nilikaa hatua tatu kutoka kwake nikijifanya nasafisha printa, nikajiambia nitasema akimaliza. Alipomaliza nikajiambia nitasema kesho.

Mwezi huo huo walimwondoa chumba cha kompyuta wakamrudisha kwenye taipu, mapokezi. Mwaka uliofuata lilikuja neno lililokuwa likizunguka nchi nzima wakati ule, kupunguzwa kazini, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha kwa sababu faili lake lilikuwa na doa. Kiti chake nikapewa mimi. Vyote nilivyopanda baadaye, mpaka kufika ofisini kwenu, nilivipanda nikiwa nimesimama juu ya kiti hicho. Ndiyo maana sikutaka kuviandika.

Mashine za kunyoosha zikaendelea kuja, kila moja na akili zaidi ya iliyotangulia. Nilizima zote. Mlidhani ni ukaidi wa uzee, nami niliwaacha mdhani hivyo, kwa kuwa ukaidi una heshima yake. Kwa miaka mingi niliilaumu ile disketi hata moyoni mwangu. Lakini disketi haikuandika S.N. Neema, wewe itumie mashine yako. Inafanya inachojua. Mimi nilifanya nilichojua pia, na nilijua zaidi yake.

Wiki moja baada ya kuagwa nilitembea kwa miguu mpaka Kizwite. Nilimkuta Bi Skola ameketi uani juu ya kigoda, anapepeta ulezi kwenye ungo. Amekuwa mdogo wa mwili, lakini mikono ni ile ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Deo huyo. Umestaafu, nimesikia kanisani. Kaa hapo, usikanyage ulezi."

Nikakaa. Nikasema yote, kuanzia disketi mpaka soksi. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ndefu, lakini kumbe maneno yenyewe hayakujaza hata muda wa kupepeta ungo mmoja. Hakuacha kupepeta.

"Ile S.N. yako ilikuwa na mkia," alisema. "Mimi N yangu haina mkia."

"Ulijua siku ile ile."

"Nilijua nikiwa bado nimeishika karatasi. Nikakungoja. Nilinyamaza mpaka Mratibu akadhani nimeugua. Mwaka wa kwanza niliendelea kukungoja. Ukipita barabarani nasema leo ataingia. Mwaka wa pili nikapanda maharage."

Kuku walikuja, akawafukuza kwa mguu.

"Kwa Luhende ulikwenda?"

"Sikwenda, mama."

"Mimi nilikwenda. Wiki ile ile. Alinipa maziwa. Akaniambia atabadilisha chapa, hataki tena kitu kinachoweza kunyooshwa. Akaanza kuchoma herufi L, kama watu wote. Wanawe mpaka leo wanachoma L. Yeye alishafariki."

Kwa hiyo fimbo ya baba yake haiko tena kwenye ng'ombe yeyote. Ilitoka Usukumani na kundi, ikavuka nchi nzima, ikaja kuishia kwenye disketi yangu. Nilitoa karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeichora ile chapa nyumbani, nyota saba, nikidhani naikumbuka. Nikampa. Aliiweka karibu na macho, midomo ikaanza kucheza, akihesabu.

"Haikuwa hivi," alisema. "Iliinama zaidi. Nipe kalamu."

Akachora upya pembeni, taratibu, akiongeza nafasi kila mstari. Kisha akanirudishia.

"Kaandikie hao vijana wako. Yote. Na utie herufi zako."

Nikatia D.K. pale pale, karatasi ikiwa gotini. Nikamwelekezea kalamu atie na yeye, maana yeye ndiye aliyetazama. Akatikisa kichwa, akachukua ungo wake.

"Yangu ulishaitia," alisema.

Karatasi hiyo inakwenda pamoja na maandishi haya. Nilipita ofisini nikaiweka kwenye droo ya juu ya meza niliyowaachia, chapa ya Mzee Luhende ikiwa imeinama inavyotakiwa. Chini yake kuna D.K. Pembeni ya D.K. pana nafasi tupu, na nimeiacha hivyo.